Filamu Ifuate Maji: Bi. Maryanne Chelangat Astaafu

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Maryanne Chelangat anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, yote hapa Lodwar. Kumi na mmoja ya mwisho ameitumikia kama Kaimu Mratibu wa Maeneo ya Kupigia Filamu. Kaimu, ndiyo. Miaka kumi na mmoja akikaimu kiti ambacho hakikuwahi kuwa na mwenyewe mwingine. Wakubwa wakisoma haya wajue kwamba sisi wengine tulikuwa tunahesabu.

Alifika mwaka 1991 kutoka Bomet, karani wa habari mwenye sanduku moja la bati. Kila aliyempokea alimwambia joto hili litamrudisha kwao kabla ya Krismasi. Wote waliomwambia hivyo wameshahama. Yeye alijifunza kusema ejok, salamu ya Kiturkana, kabla hajajua duka la sukari liko wapi.

Kazi yake ya kupokea watu wa kamera ilionekana rahisi kwa asiyeifanya. Wageni hufika Turkana wakiwa na picha yao tayari kichwani: ardhi iliyopasuka, mzoga wa ngamia, mtoto mwenye kiu. Kuna waliowahi kupanga akina mama foleni na madumu matupu, ukingoni mwa mfereji wa umwagiliaji, kisha wakawaomba wageuke kidogo ili maji yaliyo nyuma yao yasionekane! Chelangat, aliyekuwa ameshika mwavuli wa kuikinga kamera na jua, aliukunja. Akawaambia akina mama wajaze madumu yao waende nyumbani. Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyepelekwa hotelini kabla ya kupitishwa mferejini.

Ndivyo tulivyoipata ile tamthilia ya mwaka jana, kuhusu familia inayokimbia vita kwa mtumbwi, ikifuata mto mkubwa. Mwongozaji aliuona mfereji wetu mkuu unaotoka mto Turkwel, na mikoma na migomba ukingoni, akasema hatafuti tena. Wapiga makasia walitoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, maana kule wapo waliokulia kwenye maji. Bi. Chelangat alisimama mwenyewe kwenye dirisha la ofisi ya vibali mpaka wapiga makasia wawili, Thon na Nyagoa, wakapewa vibali vya kutoka kambini.

Kisha mambo yakaharibika. Mwongozaji alitaka lango la chini la mfereji lifungwe siku tisa, maji yajae sehemu za juu na mtumbwi uelee vizuri. Chini ya lango hilo ndipo yalipo mashamba ya Lokiru na majirani zake, na mahindi yao yalikuwa yanatoa maua. Mahindi yakikosa maji wakati huo, msimu umekwisha. Mwongozaji akasema akikataliwa atahamisha kazi yote kaunti nyingine. Wakubwa wetu wakaanza kutafuta kalamu ya kutia sahihi.

Lokiru alikuja mpaka langoni, akamtazama Bi. Chelangat peke yake. “Mama Chela, sinema ikiisha watu wanazima tivii wanalala. Sisi tutatafuna tivii?”

Bi. Chelangat aliomba muswada wa tamthilia na ratiba ya zamu za maji, akaviweka pamoja juu ya boneti ya gari. Mfereji una sehemu nne, na kila sehemu ina siku zake za kupata maji. Basi, akasema, maji hayatasubiri filamu. Filamu itafuata maji. Sehemu yenye zamu leo, ndiyo tutakayopigia picha leo. Mwongozaji akalalamika kwamba atapiga mwisho kabla ya mwanzo. Akajibiwa kwamba hadithi inaweza kupangwa upya kwenye kompyuta, mahindi hayawezi.

Wakafuata maji. Na kwa kuwa kila sehemu ina sura yake, huku migomba, kule matete, mbele yake uwanda mtupu, mfereji wetu ulitokea kwenye tivii kama mto unaopita nchi tatu. Hakuna shamba lililopoteza zamu hata moja. Lokiru alivuna.

Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ina miguu minne. Mbuzi mweupe wa Abang, jirani wa mfereji, mwenye sikio moja jeusi, alionja chapati za wafanyakazi wa filamu akawafuata sehemu zote. Anaonekana ukingoni familia ikiondoka kwao, na anaonekana tena ikifika ng’ambo. Usiku tamthilia ilipoonyeshwa, kule Kakuma hoteli ya chai ya Nyagoa ilikuwa imejaa watazamaji, na Thon alishindwa kuvumilia: “Sisi tumepiga foleni ya kibali, na huyu amevuka mipaka bila karatasi!”

Kicheko kilikatika majina yalipoanza kupita mwishoni. Vipindi vingi vimetupitisha kwa jina la “jangwani”, kana kwamba hatuna anwani. Safari hii iliandikwa: Mfereji wa Turkwel, Lodwar. Hoteli nzima ilisimama kupiga makofi, wakiwemo waliokuwa bado wanadaiwa chai.

Jumatatu tutapokea wapiga filamu wengine. Wameshapiga simu, na swali lao la kwanza, kabla ya bei ya vyumba, lilikuwa zamu za maji zikoje. Hiyo ndiyo kazi anayotuachia.

Wanaodhani anarudi Bomet wamekosea. Amechukua shamba sehemu ya nne, chini kabisa, jirani na Lokiru. Zamu yake ni Alhamisi. Atakayetaka kufunga lango lile atamkuta pale na jembe. Na huko hakaimu mtu.

Asante, Mama Chela. Afya iwe yako, mahindi yakue, na Alhamisi yako isiguswe na yeyote.

Kamande, Idara ya Usafiri