Bi Leonilda na Vibao Vyangu Elfu Moja na Mia Nne

Bi Leonilda Barbero anastaafu tarehe 30 Aprili 1930, baada ya kuitumikia studio yetu ya Torino miaka kumi na tisa. Amecheza filamu themanini na mbili zisizo na sauti, amefiwa na waume arobaini na mmoja mbele ya kamera, na yeye mwenyewe amekufa mara kumi na saba, nyingi kwa kifua kikuu. Wasifu wake ulistahili kuandikwa na mtu aliyemtendea mema. Umeniangukia mimi, Celestino Ravera, mwandishi wa vibao, yaani yale maneno yanayotokea kwenye pazia jeupe kati ya picha na picha. Nina radhi ya kumwomba tangu mwaka 1916, na mnavyonijua, nitazunguka kwanza.

Alianza kama mshonaji. Ndiye aliyewaambia wakubwa kwamba askari wa Roma ya kale hawakuvaa vifungo. Wakamwambia ashone tu. Siku moja mwigizaji aliyelazwa kwenye jeneza akawa anapiga chafya kwa sababu ya maua. Leonilda akaweka sindano chini, akalala yeye. Alitulia hata fundi wa taa akavua kofia. Mwongozaji wetu, Ottavio Mussa, akapiga kelele: "Huyu huyu! Mtafuteni mshonaji mwingine!"

Mwaka 1916 alicheza mama anayemuaga mwanawe aendaye vitani; mwana alichezwa na Gepin. Niliandika kibao cha mistari tisa, kikianza na "Nenda, ewe tunda la machozi yangu." Watu walilia. Nilikuwa nasimama nyuma ya ukumbi kila jioni nikitazama leso zinavyotoka, nikijua zote ni zangu.

Kisha ikaja barua ya Bi Ersilia Quaglia, mwalimu wa mabinti viziwi, wanaosoma maneno midomoni. Wanafunzi wake, alisema, wameshindwa kuelewa: mbona mama, akimkumbatia mwanawe, anasema, "Gepin, unanikanyaga, na leo tena umekula vitunguu saumu"?

Nilipandwa na mori. Niliandika mashtaka ya kurasa tatu, nikitaka Bi Leonilda aape kutamka maneno yangu kama yalivyo au afukuzwe. Sijui nilijiona nani. Nilijua fika kwamba mama yake amepooza na nyumbani hakuna mshahara mwingine. Mussa akampa wiki moja, kisha tukaipiga upya picha ile ya kuaga.

Akayatamka. Mistari yote tisa, neno kwa neno, huku Gepin amefungua mikono akingoja kukumbatiwa mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Utepe ukaisha ndani ya kamera. Ndipo Bi Leonilda akanigeukia: "Celestino, baba, huyu mtoto atafika vitani kweli, au vita vitaisha tukiwa hapa mlangoni?"

Studio nzima ilicheka. Mussa akasema, "Bi, sema utakacho. Wewe Celestino, mistari miwili, isizidi." Mashtaka yangu yalitumika kuwashia jiko. Mimi sikuomba radhi. Nilienda kuwaambia watu kwamba nimegundua uzuri wa kuandika kwa ufupi.

Tangu hapo viziwi walijaa viti vya mbele kila Jumapili, wakicheka wenzao wanapolia. Naye hakuwasahau. Malkia wake mmoja, akikata roho, alimuuliza Bi Ersilia mguu unaendeleaje.

Sasa sauti imekuja. Februari fundi kutoka Roma alimpima mbele ya kinasa sauti, akasema ana sauti ya muuza kabichi. Bi Leonilda akamjibu, "Mama yangu aliuza kabichi sokoni Porta Palazzo. Ahsante kwa kunifananisha naye." Barua ya kustaafu ilifika baada ya siku nne. Iliniuma kuliko yangu, ambayo itafika Juni, maana sinema inayosema haihitaji vibao.

Katika picha ya mwisho ya filamu yake ya mwisho, anasimama dirishani, anatutazama, anasema jambo. Niliandika mistari kumi na mmoja. Ilikuwa radhi yangu, ila niliificha kinywani mwa mjane wa kasri anayemwigiza, kwa kuwa ujasiri wangu wote uko kwenye kalamu. Kabla ya kuchapisha nilimwita Bi Ersilia asome ile midomo. Alitazama mara mbili, akafuta miwani.

"Anasema: Celestino, najua umeandika mengi. Chana. Nilishaelewa zamani."

Nimechana. Picha ile haina kibao.

Bi Leonilda, kwa niaba ya wote, ahsante kwa vifungo, kwa vifo na kwa vicheko. Siku ya sherehe nitasimama mbele yako na kuomba radhi kwa midomo tu, bila sauti, mistari miwili isizidi. Heri zangu za maisha yajayo utazisoma hapohapo. Ninyi wengine mpige makofi tu. Wale wa viti vya mbele watakuwa wameelewa.