Kahawa Niliyoiweka Mezani

Mheshimiwa Mkurugenzi, Bwana Fawaz; waheshimiwa wenye mashamba ya mizeituni; ndugu wageni waalikwa; ndugu zangu wa kinuni; na wewe Umm Sakhr, mke wangu, uliyeapa kwamba nikizidisha dakika tano utaondoka na gari uniache hapa hapa Ajloun: nawasalimu nyote.

Kahawa mliyonimiminia nimeiweka mezani, sijaigusa. Wazee wa mstari wa mbele naona mmeshaanza kuguna. Nivumilieni kidogo.

Mkurugenzi amenisifu hadi nikageuka kutazama kama kuna mtu mwingine amesimama nyuma yangu. Amesema kwa miaka thelathini na moja nimewapokea wafanyabiashara wa kigeni wanaokuja kununua mafuta yetu, na kwamba ile karatasi ya mashauri tunayowapa uwanja wa ndege, Karatasi ya Abu Sakhr, imetuletea wateja wengi kuliko matangazo yote. Nani hapa haijui? "Usisifu saa ya mwenyeji wako, ataivua akupe. Usitaje bei kabla hujamjulia hali mama yake. Kahawa ikikutosha, tikisa kikombe. Ukikirudisha hivi hivi, utajaziwa mpaka ukose usingizi wiki nzima."

Lakini ilianzaje? Ilianza na Bwana Joost wa Uholanzi, Mungu ampe afya. Wakati ule karatasi haikuwepo, nilikuwepo mimi tu, na mnanijua. Nikampeleka kwa Hajji Mutlaq, yule pale, ameshaanza kucheka. Wazee kumi na wawili wameketi. Joost akapewa kahawa, ikamchoma ulimi, akaiweka chini.

Lo! Baraza zima likageuka kumtazama. Kwetu mgeni akiweka kahawa chini bila kuinywa, ana ombi zito, na hainywi mpaka akubaliwe. Hajji akajiweka sawa, akasema, "Sema, mgeni wetu. Ukitaka shamba, ukitaka mke, wewe sema tu." Mimi mkalimani nimeshachanganyikiwa, nikamwambia Joost, "Wanauliza unataka nini." Maskini, alikuwa amebanwa tangu Amman. Akasema, "Choo."

Wazee wote wakasimama. Hajji, mkono kifuani: "Umepewa! Kunywa kahawa yako!" Wakamsindikiza wote kumi na wawili, wakamngoja mlangoni. Aliporudi akaomba apunguziwe bei. Hajji akamwambia, "Ah, ndugu yangu, si tumeshakupa ulichoomba?"

Siku ile tulikuwa na Rudaina, karani wetu, yule anayejificha nyuma ya sinia la mansaf, ule wali wetu wa nyama. Njia nzima mimi nacheka, yeye kanuna. Akaniambia, "Ami, mgeni ameaibika kwa sababu sisi hatukumwambia kitu." Kesho yake akaniletea karatasi imeandikwa yote, tangu saa ya mwenyeji mpaka kikombe. Mimi nikaandika jina langu juu.

Rudaina, miaka kumi na minne nimekula sifa zako. Naona aibu, tena mbele ya mke wangu. Nisamehe, binti yangu.

Na sasa nasikia nafasi yangu inatafutiwa mtu kutoka Amman, eti wageni watashangaa kupokewa na mwanamke. Washangae nini? Nani huwaandikia barua? Nani huwapigia simu, nani anajua yupi hali nyama na yupi anaogopa paka? Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mabegi, na mgongo ni shahidi.

Bwana Fawaz, jana nilikuwa mfanyakazi wako, nikiomba unaniambia tutaona. Leo nimestaafu. Leo mimi ni mgeni wako, na kahawa yangu iko chini, mbele ya wazee hawa. Nafasi ile mpe Rudaina.

Naam? Tumia kipaza sauti, Mheshimiwa, Hajji Mutlaq sikio lake zito. Amesema... haya, mmesikia wenyewe: "Kunywa kahawa yako, Abu Sakhr."

Rudaina, toka huko nyuma, mwanangu, njoo ukae mbele. Na acha kulia, utanilizia wazee.

Imepoa kabisa hii kahawa, nami naimaliza yote. Asanteni nyote kwa kunipa masikio yenu. Umm Sakhr, nakuja, usiwashe gari!