Oili kwenye Ukuta wa Semeni

Asubuhi hiyo kijiwe chetu cha kahawa pale Kasingirima kilinuka oili chafu. Ukuta ulio nyuma ya benchi, ambako Semeni Leonardi alichora wanawake wakipiga ngoma kubwa na wanaume wakicheza, ulikuwa mweusi juu mpaka chini. Kazi yote ya yule binti, kwisha. Nilivimba kwa hasira.

— Nani kafanya ushenzi huu? nikauliza.

— Mimi, akajibu Mwinshehe, tunayemwita Spika kwa kelele zake. Oili kanipa Injinia, kaitoa gereji kwake. Unasemaje?

— Nasema huna adabu.

— Tulia, mwanangu, Injinia akaingilia. Yule binti baba yake Muha wa Simbo, mama yake Mmanyema wa hapa Ujiji. Shule kasomea kwa bibi hapa, likizo kwa babu kule Simbo. Kichwa lazima kichanganyike.

— Kwani wewe ulizaliwa na mtu mmoja?

— Acha utani! Kwa babu yake ngoma ni ya mwanamume. Mwanamke haigusi.

— Na kwa bibi yake je? Si ndiye aliyepiga kwenye harusi ya Spika, Spika akacheza mpaka akavua viatu?

— Ile ilikuwa harusi! Spika akafoka. Ukutani ni kampeni. Kuna watu wanamlipa, wanataka wanaume wa Kigoma nzima tuvae kanga!

— Imeshaanza, Injinia akadakia. Juzi mke wangu kaniambia nikachote maji mwenyewe. Kajifunzia wapi? Ukutani! Mwakani mtasikia migebuka madume wanataga mayai huko ziwani.

Hapo akatokea Semeni, ndoo ya rangi mkononi. Hakuwahi kukanyaga kijiweni tukiwa tumekaa. Hata shikamoo hakutoa. Akaugusa ukuta, akakinusa kiganja.

— Nani?

Nikamwonyesha Spika kwa kidevu. Akamsogelea.

— Babu alinichapa kwa kuishika ngoma, eti mimi mwanamke. Bibi akanichapa kwa kukataa kuipiga, eti mimi mwanamke. Nimekua hivyo, nachapwa huku na huku kwa neno lilelile. Ndiyo maana nachora. Lakini wale walikuwa wananilea. Wewe, Spika, ulikuwa unafanya nini?

 Injinia akakikodolea macho kikombe chake. 

 Semeni akakipangusa kile kiganja cha oili kwenye shati la Spika, taratibu, kifuani, kisha akaugeukia ukuta, akafungua ndoo ya rangi.