Mkunga Aliyefagia Ngazi

Ndugu waombolezaji, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imemsimamisha mdogo wa marehemu asome historia hii, naye anaisoma uso wake ukiwa chini, kwa sababu mtakayoisikia ikifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi makanika na mshona nguo, na mdogo wake huyu akaja miaka kumi na minane baadaye, wakati wazazi walikwisha kugawa nguo zote za watoto. Wazazi walipofariki mwaka 1988, marehemu ndiye aliyemlea, akawa dada, akawa mama, na ilipobidi akawa bakora.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, sekondari hadi 1979, kisha chuo cha ukunga, alikohitimu Novemba 1983, na kwa miaka kumi na saba alifanya kazi katika wodi ya wazazi ya hospitali ya reli. Alipenda kutania kwamba watoto wote aliowapokea, hakuna hata mmoja aliyedai kuona cheti kabla ya kutoka.

Mwaka 1991 aliolewa na dereva wa malori, wakajaliwa mabinti wawili, waliozaliwa 1992 na 1995, na mumewe akafariki kwa ajali mwaka 1998. Vita vilipofika mtaani kwetu, Machi 2001, alificha vyeti vyake ndani ya blauzi, akawachukua wanawe na mdogo wake, wakaja huku, wakaishi wanne katika chumba kimoja juu ya duka la matairi, dirisha halifunguki, nguo zikikaukia juu ya vichwa vyao. Tarehe 4 Juni alianza kufagia na kupiga deki ngazi za jengo la ghorofa nane, kila siku saa kumi na moja alfajiri. Mdogo wake alipotaka naye ashike ufagio, alikataa katakata, akampeleka shule ya lugha, akisema familia inahitaji angalau mdomo mmoja unaosikika, na kweli mwaka 2004 mdomo huo ukaajiriwa kuwa mkalimani katika ofisi inayohakiki vyeti vya wageni.

Hapa ndipo penye aibu. Jumanne tarehe 17 Mei 2005 marehemu aliitwa mbele ya jopo la ofisi hiyo ili arudishiwe ukunga wake, na mkalimani aliyepangwa alikuwa mgonjwa, akaingizwa mdogo wake. Huyu alikuwa amewadanganya wenzake kazini kwamba dada yake ni daktari mkubwa, sasa dada mwenyewe ameingia na koti la usafi, mikono inanuka dawa ya sakafu, maana alitoka zamu moja kwa moja. Katika fomu, penye mdhamini, dada alikuwa ameandika kwamba ni mdogo wake, mkalimani wa ofisi ile. Mwenyekiti akamgeukia mkalimani, akamuuliza kama ndiye, naye akajibu kwamba hamjui mama huyu.

Marehemu alikwishajua lugha ya kutosha kuelewa jibu lile. Aliitazama tai ya mdogo wake, aliyokuwa ameipiga pasi yeye dada alfajiri ile kabla ya zamu, akasema, "Mwambie nimekosea kuandika." Hilo lilitafsiriwa neno kwa neno, na ombi likafutwa kwa kosa la taarifa za uongo. Mdogo wake alijiambia kesho atakwenda kusahihisha, kesho ikazaa kesho kutwa, na marehemu akawaambia wanawe kwamba alishindwa mtihani, wala hakulitaja tena mpaka anakufa.

Aliendelea na ufagio. Tarehe 3 Oktoba 2011 alimzalisha jirani wa ghorofa ya sita palepale ngazini, lifti ikiwa mbovu, na waliokuja na gari la wagonjwa walipomuuliza yeye ni nani, alijibu kwamba ni mfagiaji.

Agosti 2020 mapafu yalimlazimisha kuacha kazi, akatibiwa kwa zaidi ya miaka miwili, akafariki Alhamisi tarehe 12 Januari 2023, saa nne asubuhi, akiwa na wanawe. Historia hii waliiandika wao, nayo ilisema kwamba mama yao hakufaulu mtihani. Jumamosi mjomba wao aliwaambia ukweli, binti mkubwa akainuka akatoka chumbani, na binti mdogo akasema kama ni hivyo asiwaambie wao peke yao, awasomee watu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani wa jengo, na wafagiaji wenzake waliokuja na makoti yao ya kazi. Msamaha hauombwi hapa, kwa kuwa mwenye kuutoa hawezi tena kujibu.

Pumzika kwa amani, Dada. Aliyesoma haya ni mimi, mdogo wako.