Mwalimu Révérien Hakupiga

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Révérien, mwalimu wa karate wa Gulfton, hapa Houston. Alifariki Novemba mwaka jana, 2019. Moyo wake ulisimama akiwa usingizini. Mimi ni Prudensia, na mwanangu naye alijifunza kwake.

Jumamosi asubuhi ungewaona wanafunzi wake kwenye maegesho ya apatimenti, ukungu bado umelala juu ya magari. Wanavuta pumzi, wanaitoa polepole. Unapita zako na mifuko ya sokoni, unajikuta umesimama, unapumua nao. Kazi zinakusubiri nyumbani, wewe umeganda tu pale.

Mtindo wake ni Goju-ryu, yaani ugumu na ulaini. Révérien alisimulia asili yake utadhani kazaliwa huko: mji wa Naha, kisiwani Okinawa. Walimu walivuka bahari kwenda China kusini, wakarudi na mafunzo, wakayachanganya na ya kwao. Miaka mingi mtindo haukuwa hata na jina hilo. Moyo wa mtindo huo ni zoezi la Sanchin. Unakaza mwili, unapumua, na mwalimu anakupiga makofi mabegani aone kama utayumba.

Révérien hakupiga. Narudia, hakupiga. Aliweka viganja mabegani mwako, akaegemea taratibu, kama mtu anayesukuma mlango wa chumba alicholala mtoto.

Mjane wake, Marie-Rose, aliniambia sababu. "Wakati wa vita kule Burundi walimpiga sana kwenye kizuizi cha barabarani, bado kijana. Akaniambia, Mama Mélissa, mikono yangu haitaki kupiga mtu."

Sasa binti yao, Mélissa, alikuwa na mtihani wa mkanda mweusi Februari, Dallas. Huko wanapiga kweli. Wazazi wengine wakamsema Révérien: unamharibia mtoto, atayumba kofi la kwanza. Naye aliogopa, jamani. Jioni moja Mélissa alimwomba ampige tu: "Papa, just hit me." Baba akainua mikono. Ikabaki hewani. Akaishusha, akaenda kukaa ndani ya gari peke yake. Alifariki na hofu hiyo, kwamba binti yake angeshindwa kwa sababu yake.

Februari tuka-drive hadi Dallas. Mélissa akasimama katikati ya ukumbi, akaanza kupumua. Mtahini akampiga mabegani, paa. Marie-Rose akanibana mkono. Mtoto hakuyumba. Akapigwa tena, hakuyumba. Uso umetulia hivi, mpaka nikadhani anaota, au mimi ndiye ninayeota.

Alipokwisha kufungwa mkanda, mtahini akamuuliza alipigwa mara ngapi nyumbani hadi akazoea.

"Never," akajibu. Kisha akatugeukia, kwa Kiswahili: "Mwili wangu haujui kuogopa mkono wa mtu."

Marie-Rose alilia. Mimi nililia kumshinda.

Mama Mélissa, na wewe Mélissa, poleni sana kutoka kwetu sote, Houston na Dallas. Mungu amlaze Mwalimu mahali pema. Nanyi wasikilizaji wapendwa, mkizima redio, itazameni mikono yenu. Watoto walioko nyumbani wanaijua kwa lipi?