Fundi Madi na Chemchemi ya Marodoka

Marehemu Fundi Madi bin Daoudou alizaliwa Marodoka, kisiwani Nosy Be, mwezi wa Rajabu mwaka 1173 wa Hijra, mvua ikinyesha. Chuoni alihitimu juzuu thelathini, ingawa mwalimu wake alilalamika kwamba macho yake yalikuwa nje siku zote, yakiwafuata komba juu ya miti.

Alipotimiza miaka kumi na mitano alipelekwa Mahajanga kujifunza useremala, akawa fundi wa kutajwa. Akiugusa ubao tu, alijua mti wake ulikulia bondeni au mlimani. Mwaka 1198 alirudi Marodoka, akamwoa Halimati, ambaye mama yake alikuwa Msakalava wa kisiwa cha Nosy Sakatia.

Sasa tuje kwa lile ambalo mwenyewe aliusia lisomwe. Mwaka 1209 waumini wa Mahajanga walihitaji boriti za msikiti mpya. Fundi akaichagua miti mikubwa iliyozunguka chemchemi ya Marodoka, ile iliyojaza birika letu la udhu.

Halimati alimzuia. "Baba Fatoumia, pale ni fady, ni mwiko. Mama yangu hakati hata ufito pale bila kuomba ruhusa."

"Hizi ni za nyumba ya Mungu," akamjibu. "Nani atakasirika?"

Akaikata yote. Msikiti ulipendeza, hilo hatuwezi kulikana. Lakini masika yalipofika yalikuta kilima kitupu, bila mizizi ya kuishika mvua. Udongo ukateremka hadi pwani, ukafunika matumbawe, samaki wakahama. Ukungu wa asubuhi ukakosa pa kulala. Kiangazi chemchemi ikakauka, na watu wa Marodoka wakawa wanatayamamu kwa mchanga kando ya birika tupu. Fundi Madi alisimama katika safu yao na vumbi viganjani, akalia mbele ya watu.

Halimati hakumsimanga. Alimwambia tu, "Shoka umelijua. Sasa jifunze jembe."

Alipanda miche mingi kilimani, na mingi ilikufa. Kisha akagundua kwamba komba wanaokula matunda katika msitu wa Lokobe huangusha mbegu njiani, na kila walipopita palichipua miti ambayo yeye hakuipanda. Tangu hapo ole wake aliyewarushia jiwe. Alikaa huko tangu alfajiri hadi adhuhuri, macho yamefumbwa nusu, akisema anaisikia miti ikinywa. Watu walicheka. Halimati naye akawaambia, "Mume wangu kaoa mke wa pili, ana majani." Siku moja wafanyabiashara walipokuja kukata Lokobe, alijilaza njiani. "Anzeni na mimi," akasema, "mimi tayari ni mkavu." Waliondoka, na Lokobe bado imesimama.

Mwezi wa Shaaban mwaka huu kifua kilimlaza. Kila asubuhi aliuliza neno moja, "Jiwe limelowa?" Alikuwa akiuliza habari za jiwe la chemchemi, na kila asubuhi tulimjibu kwamba bado. Leo Ijumaa, tarehe 6 Ramadhani 1233, alifariki baada ya sala ya alfajiri, hajauliza.

Ameacha mjane, Halimati. Mwanawe Ousséni aliyeko Mahajanga. Mabinti Fatoumia na Kalathoumi. Na wajukuu tisa. Kalathoumi ndiye aliyepanda kilimani leo wakati maji ya josho yakiletwa kutoka Lokobe. Hakutumwa na mtu. Alikwenda kumlilia baba yake mahali alipopapenda. Alirudi jua limekwisha panda, na kata mkononi imejaa. Alikuwa ameikinga chini ya jiwe tone kwa tone, katikati ya kiangazi. Maji hayo ndiyo yaliyotiwa kafuri, ndiyo aliyooshwa nayo mwisho.

Aliondoka bila kujua, na hilo linatuuma. Basi tunamwambia hapa, kabla ya udongo: Fundi, limelowa.

Mola amlaze penye kivuli na maji yasiyokatika.