Nilichoma Magunia ya Wote, Langu Nikaliacha

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu! Mnaonijua mnajua sikusoma. Niliishia darasa la pili, na bado nimejenga nyumba ya bati hapa Sumbawanga kwa mahindi. Serikali ilipoturuhusu watu binafsi kununua nafaka, nilikuwa wa kwanza kupanda malori, bambo mkononi, kile chuma cha kuchoma gunia na kuchota punje za katikati. Wakulima hawakunipenda. Walijaza juu mahindi meupe, katikati yaliyooza. Wakiapa, mimi nachoma tu. Nilikuwa nasema gunia haliulizwi, linachomwa.

Basi uvimbe ukanitokea titi la kushoto. Mdogo kama punje, mgumu, hauumi. Nikanyamaza. Mavuno yakapita, ukawa kama kokwa ya parachichi. Nikaenda hospitali. Daktari akasema lazima akate kipande kidogo kikapimwe. Nikamjibu mimi si nyama ya buchani, na uvimbe ukiguswa na kisu unaamka. Nikaondoka. Mganga akanichanja chale, akanitajia jina la jirani yangu kuwa ndiye aliyeniroga. Nikaamini. Nikaacha hata kumsalimia mama wa watu.

Mwaka huohuo mdogo wangu Adela, aliyekuwa akikausha dagaa kule Kirando, alipanda kuja kwangu. Naye ana uvimbe, titi la kulia. Akaniuliza aende akakatwe kile kipande au asiende. Ndugu zangu, hapa ndipo ulimi wangu unakauka. Nilimkataza. Akatii, maana ni mimi niliyemlea.

Miezi ikapita, titi la Adela likapasuka. Siku moja namsafisha kidonda jikoni, akalitazama bambo limeegemea ukuta. Akasema taratibu, "Dada, gunia la mtu ungelinunua hivihivi, bila kulichoma?"

Kesho yake tulikwenda hospitali wote wawili.

Vipande vyetu vilisafirishwa mbali, tukangoja majibu wiki nyingi. Vyote saratani. Tulikatwa matiti, mimi na yeye, tukalazwa vitanda vinavyopakana. Daktari akaja kunieleza kwamba katika damu ya mtu zimo chembe zinazopigana na maradhi kama askari. Waliopima uvimbe wangu walikuta askari wamejaa, wameingia hadi katikati. Kwenye wa Adela walikuwa wachache mno, tena pembeni. Akasema mwenye askari wengi namna ile mara nyingi hufika mbali kuliko asiye nao, ingawa hiyo si ahadi. Na wa Adela ulikwisha kuingia mapafuni.

Mimi, hata pale, nikajivuna! Nikamwambia damu yangu ni damu ya kazi.

Daktari akanitazama. "Mama, askari hao hukuwaajiri wewe."

Adela alikuwa macho, alisikia yote. Akageukia ukutani. Neno lile lilinikata kuliko kisu.

Alikufa kabla ya mvua za kwanza. Tulimzika Kirando. Wapo waliosema imani yake ilikuwa ndogo. Ndugu zangu, huo ni uongo. Adela alisali kuliko mimi, alikuwa mpole kuliko mimi. Kwa nini nimebaki mimi, sijui, na sitawadanganya kwamba najua.

Ninalojua ni kwamba Bwana amenitoa katika kiburi, na kilikuwa kinanila kabla ya saratani. Nilikwenda kwa yule jirani, nikapiga magoti. Alinipa kigoda. Neno hakunipa, na sikumlaumu.

Namshukuru Mungu aliyeniwekea askari nisiowajua, wakafanya kazi siku zote nilizokuwa nakataa. Nimebakiwa na titi moja na kaburi moja la kupalilia. Wewe mama, wewe binti, ukigusa punje ngumu kifuani, mtegemee Bwana, na uende leo ukatoe kipande kipimwe. Usije kwanza kuniuliza mimi. Adela aliniuliza.